Mashine ya gemu inayochemka: hasara inayosafiri hadi Kudha

Mashine ya gemu ikizimika Mombasa, mwenyewe huitia mfukoni akaenda nayo kwa fundi mtaa wa pili. Ikizimika Kudha, mtaa wa pili ni bahari. Inabidi itafutwe boti ya kwenda Kismayo, ilipwe nauli, na kabla ya yote hayo lijibiwe swali moja gumu: nani atakayebeba hasara, aliyenunua au aliyeleta?

Kudha ni mojawapo ya Visiwa vya Bajuni, mlolongo wa visiwa uliolala kusini mwa Kismayo kuelekea Ras Kamboni na mpaka wa Kenya. Wabajuni ni watu wa bahari, wenye Kiswahili chao na jamaa zao Lamu na Mombasa. Somalia ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 24 Novemba 2023 na ikakamilisha uanachama wake Machi 2024. Kwenye ramani, basi, njia ya mchuuzi kutoka Mombasa hadi visiwani imo ndani ya jumuiya moja.

Lakini joto halijui jumuiya. Mashine iliyotumika Ulaya au Dubai, ikauzwa kwa bei ya mtumba, ikapitia mikono mitatu au minne, huweza kuwaka vizuri dukani na kufa baada ya wiki mbili kisiwani. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni mmoja: imechoka kwa joto. Anayeugundua ni wa mwisho katika mnyororo, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuirudisha.

Joto linatoka wapi

Karibu umeme wote unaoingia ndani ya mashine ya gemu hugeuka kuwa joto. PlayStation 4 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2013, hula takriban wati 140 mchezo ukiwa mzito. Ni kama balbu mbili za zamani za wati 60, na zaidi kidogo, zimefungiwa ndani ya sanduku la plastiki. PS4 Slim ya mwaka 2016 hula karibu wati 80. PS5, iliyotoka mwaka 2020, hufika wati 200 hivi.

Joto hilo hutoka kwenye chipu, likapita katika pesti nyembamba, likaingia kwenye vipande vya chuma vya kupozea, kisha feni ikalisukuma nje. Pesti ikikauka, joto halipiti. Vumbi likiziba vipande vya chuma, hewa haipiti. Feni ikichoka, vyote viwili havina faida.

Kuna jambo la nne ambalo mchuuzi wa mwambao hawezi kulikwepa: mashine haiwezi kupoa chini ya joto la chumba ilimo. Sony inaeleza kwamba mashine zake za PS4 na PS5 zimetengenezwa kufanya kazi penye nyuzijoto 5 hadi 35. Chini ya paa la mabati, saa saba mchana wakati wa kaskazi, na vijana kumi wamejaa ndani, nyuzijoto 35 hupitwa kwa urahisi. Hapo hata mashine nzima huanza kulalamika.

Somo la dola bilioni moja

Asidhani mtu kwamba tatizo hili ni la mtumba peke yake. Xbox 360 ya Microsoft iliingia sokoni mwaka 2005, na nyingi zilianza kufa zikiwaka taa tatu nyekundu kwenye kitufe cha kuwashia. Julai 2007 kampuni hiyo iliongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 3, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa matengenezo. Baadaye wahandisi wake walieleza kwamba viungio vidogo ndani ya chipu vilikuwa vikipasuka kwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, kila mashine ilipowashwa na kuzimwa.

Kampuni yenye mtaji wa namna hiyo iliweza kulipa. Mchuuzi anayebeba mashine tano hawezi. Chukulia amenunua moja kwa dola 120, gharama zote ndani, akaiuza kwa dola 150. Faida yake ni dola 30. Mashine moja ikirudi imekufa, faida ya mashine nne imekwenda na maji. Wahenga walisema rahisi ghali, na katika biashara hii msemo huo una hesabu yake.

Mashine iliyofufuliwa

Mtego mkubwa katika soko la mtumba ni mashine iliyokufa ikafufuliwa. Baadhi ya mafundi huipuliza bodi kwa hewa ya moto mpaka viungio vilivyopasuka vigusane tena. Wengine hapo zamani waliizungushia Xbox taulo ikiwa imewashwa, ili ijipike yenyewe, jambo linaloweza hata kuzua moto. Mashine huamka, huwaka, huonyesha picha safi. Siku chache au wiki chache baadaye hulala tena, kwa sababu ufa haukutibiwa, umefichwa tu.

Muda huo mfupi wa uhai unatosha kabisa kwa mashine kuuzwa, kupakiwa na kufika kisiwani. Si lazima muuzaji wa kwanza awe mwongo. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Ndiyo maana kuuliza "ni nzima?" hakusaidii. Kinachosaidia ni kuipima.

Kupima kabla ya kulipa

Kipimo cha dakika tano ni kipimo cha picha na sauti. Kipimo cha joto kinataka saa moja au zaidi, kwa mchezo mzito, si kwa kuitazama skrini ya mwanzo. Mashine iachwe ikifanya kazi huku mnunuzi akiangalia mambo manne.

Kwanza, feni. Mlio unaopanda kidogo mchezo unapoanza ni wa kawaida. Mlio kama wa mashine ya kukaushia nywele, usioshuka hata mchezo ukisimamishwa, ni dalili ya vumbi au pesti iliyokauka. Feni isiyosikika kabisa huku mashine ikiwaka moto ni mbaya zaidi.

Pili, hewa ya nyuma. Mkono ukiwekwa penye matundu ya kutolea hewa usikie upepo wenye joto. Mashine iliyo moto juu huku upepo wake ni hafifu imeziba.

Tatu, taa. PS4 iliyopata joto kupita kiasi huonyesha taa nyekundu na kuandika onyo kwenye skrini. Kwenye Xbox 360 ya awali, taa mbili nyekundu za upande wa kushoto maana yake ni joto, nayo ikipoa huweza kurudi. Taa tatu maana yake ni kifaa cha ndani kimeharibika. Tofauti ya taa hiyo moja ndiyo tofauti ya kazi ya brashi na kazi ya kupoteza fedha.

Nne, kuzima na kuwasha tena. Baada ya saa moja izimwe, ipoe kabisa, iwashwe upya. Kiungio kilichopasuka mara nyingi hujionyesha katika kupoa.

Muuzaji anayekataa mashine yake ipimwe saa moja ameshatoa jibu.

Umeme wa kisiwani

Penye umeme wa sola au jenereta, joto na gharama ni kitu kimoja, maana kila wati inayogeuka joto imelipiwa. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Betri ya asidi ikinyonywa zaidi ya nusu huzeeka haraka, kwa hiyo za kutumia ni kama 600. PS4 Slim ya wati 80 pamoja na televisheni ya wati 40 zitapata saa 5, kabla ya kutoa hasara ya inveta. PS4 ya kwanza na televisheni hiyo hiyo zitapata saa 3 na dakika 20. PS5 itapata saa 2 na nusu.

Kwa mwenye banda anayelipwa kwa kila mechi, tofauti hiyo ni mapato ya jioni nzima. Mchuuzi anayeijua hesabu hii hatamshauri mteja wa kisiwani anunue mashine mpya kuliko zote. Atamshauri ile inayokula kidogo, ambayo pia ndiyo inayochemka kidogo.

Volti nazo zina lake. Somalia, Kenya na Tanzania hutumia umeme wa volti 220 hadi 240. Mashine kadhaa za zamani zilizouzwa Marekani au Japani, zikiwemo PlayStation 2 nene na Xbox 360 kwa kile kisanduku chake cha umeme cha nje, zilitengenezwa kwa volti 100 hadi 127 tu. Zikichomekwa moja kwa moja huungua. Kibandiko cha umeme kisomwe kabla ya bei kutajwa: penye 100-240V pana usalama, penye 100-127V panahitajika kisanduku kingine au transfoma.

Kutunza si kazi ya fundi peke yake

Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Vumbi la kisiwani basi haliwi kavu kama la bara. Hushika, likawa kama utandu juu ya vipande vya kupozea. Mashine iliyo karibu na pwani husafishwa mara nyingi zaidi.

Mashine ikae juu ya meza ngumu, si juu ya mkeka wala godoro, na iache nafasi ya shubiri moja nyuma na pembeni. Isifungiwe kabatini kwa kuogopa wizi. Isifunikwe kitambaa ikiwa bado ina moto. Paa la makuti ni rafiki kuliko mabati, na feni ya chumba iliyoelekezwa kwa mashine si anasa. Saa za mchana mkali zinafaa kuwa saa za mashine kupumzika.

Vumbi la nje hutolewa kwa brashi laini, mashine ikiwa imechomolewa. Anayepuliza ndani aishike feni kwa kijiti isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kwa upepo mkali huweza kuzalisha umeme na kudhuru bodi. Kubadilisha pesti ni kazi ya fundi: ya zamani hufutwa kwa spiriti, mpya hupakwa kidogo. Kwa PS5 tahadhari ni kubwa zaidi. Badala ya pesti, Sony iliweka metali ya majimaji inayopitisha umeme, na tone lake likimwagikia bodi huiua mashine. Mwenye nayo aondoe sahani za pembeni, zinazotoka kwa mkono, anyonye vumbi kwenye matundu mawili yaliyowekwa kwa kazi hiyo, aishie hapo.

Karatasi na daftari

Wako wachuuzi wanaodhani kwamba uanachama wa Somalia umeondoa ushuru wa kila kitu. Sivyo. Utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo, wa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Mashine za gemu hutengenezwa nje, na hutambuliwa forodhani kwa namba 9504.50 kama bidhaa nyingine yoyote ya kuagizwa. Risiti ya ununuzi na ya ushuru ndizo zinazothibitisha mali ni ya nani pindi mashine inaporudi njia iliyojia.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mashine iandikwe namba yake iliyo chini au nyuma, tarehe, bei, jina la aliyeiuza na muda iliyopimwa. Namba hiyo humzuia mteja kurudisha mashine isiyo yake, na humzuia muuzaji wa jumla kukana aliyoitoa yeye. Dhamana nayo isemwe kwa siku, si kwa maneno ya "tutaelewana". Mchuuzi na muuzaji wake wanaweza kukubaliana sehemu ya bei ibaki mpaka mashine ifanye kazi siku 14 kisiwani. Malipo kwa simu yamerahisisha jambo hilo hata pale ambapo watu hawaonani.

Muuzaji wa jumla mwenye uhakika na mzigo wake atakubali. Asiyekubali anataka joto la mashine yake lilipiwe na mtu mwingine, na kwa kawaida mtu huyo yuko Kudha. Mteja wa huko hamjui muuzaji wa Dubai wala wa Mombasa. Anamjua aliyemshushia mashine ufukweni, na safari ijayo atamngoja au hatamngoja.