Je, Wajua Kifaa cha Rangi Hakioni Rangi?

Kiswahili kilimaliza tatizo la kutaja rangi zamani. Hatukuhangaika kubuni majina ya rangi. Tulitazama kitu tukachukua jina lake. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, na kahawia ni kahawa. Mwanafunzi anayeunda kifaa cha kutambua rangi hupita njia hiyohiyo, kwa sababu kifaa chake hakijui wekundu ni nini mpaka kionyeshwe kitu chekundu.

Kwa mwanafunzi wa Bukoba au Muleba, kitu hicho kipo nyuma ya nyumba, kibanjani, chini ya migomba. Mibuni ya robusta haitoi maua yote siku moja, na tunda huchukua karibu miezi tisa hadi kumi na moja kuiva. Ndiyo maana tawi moja hubeba matunda ya kijani, ya njano na mekundu kwa wakati mmoja, na anayelivuta zima kwa kiganja hujaza kikapu mchanganyiko. Kisha kahawa huanikwa na maganda yake. Ikishakauka, bichi na mbivu zote huwa nyeusinyeusi, na jicho halina tena la kusema. Rangi inasomeka siku ya kuchuma tu, na hapo ndipo kifaa kinapohitajika.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Taa mbili za LED, nyekundu na kijani. Rizista kadhaa. Ubao wa Arduino, ambao asili yake ni Ivrea, Italia, mwaka 2005, na ulibuniwa kwa ajili ya wanafunzi hasa. Halafu kuna LDR, kipande kidogo cha mviringo chenye mchirizi unaojipinda kama nyoka usoni. Ukinzani wake hupungua mwanga unapoongezeka: gizani unaweza kufika mamilioni ya omu, penye mwanga mkali hushuka hadi maelfu au hata mamia. Iunganishe mfululizo na rizista ya omu 10,000 kwenye volti 5, na volti za pale katikati zitapanda na kushuka kufuata mwanga. Arduino huzisoma kama namba kati ya 0 na 1023.

Lakini LDR haitambui rangi hata kidogo. Inajua mwanga mwingi na mwanga haba, basi. Ujanja wote uko kwenye taa. Washa nyekundu juu ya tunda lililoiva: mwanga mwingi unarudi. Zima, washa ya kijani: tunda linaumeza. Tunda bichi hufanya kinyume, maana klorofili iliyomo kwenye ganda lake hula mwanga mwekundu na kuachia zaidi wa kijani. Kifaa kinauliza swali lilelile mara mbili, kila mara kwa taa nyingine, kisha kinalinganisha majibu. Mbinu ni ya zamani: mwaka 1861 James Clerk Maxwell aliwaonyesha watu wa London picha ya utepe wa rangi iliyopigwa mara tatu, kupitia kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu. Kwa kahawa, taa ya buluu huna haja nayo.

Wengi hukwama kwenye boksi la kuzuia mwanga wa nje, na hapo ndipo ningetumia nusu ya muda wangu. Bukoba hupata mvua ya milimita zipatazo 2000 kwa mwaka. Wingu likitoka ziwani na kupita juu ya darasa, namba zako zote zinaanguka ilhali tunda ni lilelile. Kwa hiyo kifaa kiwe na giza lake chenyewe: bomba fupi la karatasi ngumu, ndani limepakwa masizi ya sufuria, mdomo wake mdogo kuliko tunda. Tunda libanwe hapo lizibe kabisa. Taa zilale kwa pembe, zisitazame tunda uso kwa uso, kwani ganda la kahawa lina mng'aro, na mng'aro hurudisha rangi ya taa badala ya rangi ya tunda. Kati ya LDR na taa uweke kizuizi, la sivyo itasoma taa yenyewe. Na ukibadilisha taa, subiri kama sehemu ya kumi ya sekunde kabla ya kusoma. LDR ni nzito kuamka.

Kisha kifundishwe. Taa zako mbili hazilingani ukali, na LDR yenyewe huhisi kijani vizuri kuliko nyekundu. Anza na karatasi nyeupe, halafu nyeusi, uandike namba za kila taa. Hiyo ndiyo mipaka yako. Lete matunda ishirini mabivu na ishirini mabichi, uyapime yote, utafute mpaka unaoyatenganisha. Yale ya njano yatakusumbua. Yaache yakusumbue, maana hata wachumaji huyabishania.

Viwandani, mashine kubwa za kuchambua punje hufanya kazi kwa kanuni iyohiyo: punje inaanguka mbele ya taa na kihisio, na mbaya hupulizwa pembeni kwa hewa. Chako kitapima tunda moja moja, na hakitaponya butura, ile biashara ambapo mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa.

Kikianza kufanya kazi, kipeleke kwa mzee anayetafuna amwani, yaani kahawa. Wahaya, wenyeji wa Bukoba, walitafuna kahawa kabla Mjerumani hajafika, na ya kutafuna huchumwa ingali bichi, ikachemshwa pamoja na majani ya kunukia na kukaushwa. Matunda ambayo kifaa chako kimeyakataa ndiyo anayoyataka yeye. Kwa kazi yake, badilisha alama moja tu kwenye programu, < iwe >, uipakie upya.