Chuo cha Kiungani na Waalimu Wake wa Kwanza

Kila siku twamsikia mwalimu akipiga kengele na kuwaita watoto wetu darasani, nasi twadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Lakini kila mwalimu alifundishwa na mtu, na hao waliomfundisha walikuwa na waalimu wao. Basi yafaa tukumbuke chuo kimoja kilicholea waalimu wengi wa kwanza wa nchi zetu, ndicho chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, katika kisiwa cha Unguja.

Mwezi wa Agosti mwaka 1864, Askofu Tozer na Dakta Steere walifika Unguja, wametumwa na misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Hawakuwa na skuli wala mwanafunzi. Mwaka ule ule Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio mwanzo wa chuo. Baadaye misheni ikapata shamba upande wa kusini wa mji, karibu na bahari, mahali paitwapo Kiungani, na skuli ikakaa huko.

Baada ya hao wakaja wengine, waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Fikirini hali yao. Huyu Myao, huyu Mmakua, yule Mnyasa. Hana baba, hana mama, wala hajui lugha ya mwenziwe. Wengine walikuwa wameuzwa mara nyingi kabla ya kuiona bahari. Mwaka 1887 Bwana Madan alitoa kitabu cha Kiingereza chenye habari za maisha yao kama walivyozisimulia wenyewe.

Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Dakta Steere, aliyetoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870 na kuwekwa askofu mwaka 1874, alitaka wafundishwe kwa lugha hiyo. Tena wavulana walijifunza kupiga chapa, na tangu mwaka 1888 lilitoka gazeti la Kiswahili, jina lake Msimulizi. Wasiopenda vitabu walifundishwa kazi za mikono. Walioonekana kufaa walitayarishwa kwenda bara kuwa waalimu. Kadhalika wasichana walifundishwa Mbweni, na baadhi yao wakawa waalimu.

Na matunda yake? John Swedi, mmoja wa wale watano, aliwekwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alisoma Kiungani, kisha Canterbury huko Uingereza. Mwaka 1890 akawa padre, wa kwanza katika misheni ile aliye Mwafrika. Alikaa miaka mingi Chitangali, upande wa kusini, akifundisha na kulea Wakristo. Mtoto aliyechukuliwa kwa nguvu kutoka bara alirudi bara kwa hiari yake, mkononi ana kitabu.

Wala kazi yao haikuwa nyepesi. Mwalimu alitumwa kijijini peke yake, mbali na rafiki zake. Wakati wa vita vya mwaka 1914 hata 1918, waalimu na mapadre wengi wa misheni walikamatwa na serikali ya Wadachi, wakafungwa na kuteswa. Hata hivyo, vita ilipokwisha wengi walirudi kwenye skuli zao.

Katika miaka ya 1920 kazi ya chuo ilihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe, pamoja na jina lake la Mtakatifu Andrea. Leo Minaki ni skuli ya serikali, na Kiungani haifundishi waalimu tena.

Ninyi wazazi, msimdharau mtoto wa mtu kwa sababu hana jamaa, wala msiseme, "Huyu atafaa nini?" Nani katika soko la Unguja angaliwatazama wale watano na kusema, "Hawa ni waalimu"? Nanyi waalimu, mtazameni yule aketiye nyuma kabisa, asiyethubutu kujibu. Mfundisheni kwa saburi. Huenda siku moja watoto wa wajukuu wenu watafundishwa naye, au na mwanafunzi wake.