Cheti cha CRB hakikupi nyumba Ruiru

Kila mishahara inapoingia, swali hili hurudi, mara kutoka Makongeni, mara kutoka Kimbo, mara kwa mtu aliyechoka kulipa kodi Membley: "Nina mkopo wa sacco na vijideni vya simu. Nikipata cheti cha CRB, benki itanipa mkopo wa nyumba?" Nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba leo nalijibu hadharani. Hapana. Cheti hicho hakigusi tatizo lako hata kidogo, na wengi wanaouliza wameshamlipa mtu ili "awasafishe".

CRB, yaani mashirika yanayohifadhi taarifa za wakopaji, zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Wakenya wamezifanya kama seli ya polisi: unaingizwa, unalipa, unatolewa, mambo yamekwisha. Si hivyo. Benki hupeleka huko taarifa za wakopaji wake wote, anayelipa kwa wakati na aliyekwama. Kama una mkopo wa benki leo, uko CRB leo, hata kama hujawahi kuchelewa siku moja. Kwa hiyo kuuliza kama "uko CRB" ni kupoteza muda. Uliza kumeandikwa nini.

Cheti chenyewe ni karatasi ambayo waajiri hupenda kuidai, hasa kwenye kazi za serikali. Kinasema kwamba siku kilipotolewa hukuwa na deni lililoshindikana. Hakisemi unakatwa kiasi gani kila mwezi, wala umebakiwa na nini. Afisa wa mikopo hata hakisubiri, maana benki huvuta ripoti yako yenyewe moja kwa moja kutoka CRB, na humo mikopo yako yote iliyoripotiwa imepangwa pamoja na salio na historia ya malipo.

Kisha kuna hawa wanaojitangaza kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook kwamba watafuta jina lako kwa ada. Nitalisema bila kuzunguka: ni wizi. Taarifa husahihishwa na mkopeshaji aliyeipeleka, na usipokubaliana nayo unawasilisha malalamiko kwa CRB yenyewe. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa umeshindikana, na ukiulipa baadaye rekodi haitoweki. Huandikwa kuwa umelipwa, na kumbukumbu ya kushindwa kwako inaweza kukaa hadi miaka 5 tangu siku uliyomaliza. Hakuna wakala mwenye ufunguo wa kuingia humo akafuta.

Wapo wanaoniambia serikali ilishafuta CRB. Hawajalitunga, wamelisikia vibaya. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa mikopo ya simu iliyoshindikana, ambapo wakopeshaji walipunguza angalau nusu ya deni na mkopaji akapewa muda wa kulipa kilichobaki. Mpango huo ulifungwa 31 Mei 2023. Anayekuuzia nafasi humo leo anakuuzia hewa.

Sasa tuje kwenye kinachokukwamisha kwa kweli, nacho kiko kwenye hati yako ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja lazima ifike mfukoni mwako, uwe umesafishwa au hujasafishwa.

Tuseme ni muuguzi mjini Thika mwenye mshahara wa shilingi 90,000 kwa mwezi usio na marupurupu. Toa kodi ya mapato, mchango wa pensheni wa NSSF, bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Anabaki na takriban 64,000. Theluthi ya lazima ni 30,000, kwa hiyo nafasi yake ya mikopo yote ya duniani ni 34,000. Sacco tayari inachukua 18,000. Amebakiwa na 16,000 za kulipia nyumba.

Kwa riba ya asilimia 9.5 na miaka 20, kiwango kinachokaribia mikopo inayofadhiliwa kupitia KMRC, kampuni inayozipa benki na sacco fedha za mikopo ya nyumba, 16,000 kwa mwezi hubeba mkopo wa takriban milioni 1.7. Kwa riba ya asilimia 14 haufiki hata milioni 1.3. Lakini kama asingekuwa na mkopo wa sacco, 34,000 zingebeba milioni 3.6 kwa ile riba ya chini. Yaani kila shilingi 1,000 unayokatwa kwa deni la sasa inakunyang'anya zaidi ya 100,000 za nyumba. Na ikiwa muuguzi wetu amebakiza miezi 10 tu kwenye sacco, deni lenyewe halifiki 180,000, lakini linamzuia kupata karibu milioni 2. Huku 300,000 alizoweka kama kianzio cha nyumba zimelala akaunti nyingine kwa sababu "hizo haziguswi". Ziguse! Lipa deni kwanza, kisha anza tena kuweka kianzio kwa zile 18,000 zilizoachiliwa.

Mengine nayapitia haraka. Ukiwa na madeni kadhaa, anza na lile lenye makato makubwa ya mwezi na salio dogo. Benki ikikuahidi kuyanunua madeni yako yote kwa mkopo mmoja, makato yatashuka lakini utaongezewa miaka, basi piga hesabu ya jumla utakayolipa kabla ya kutia sahihi. Kianzio usikikope, hasa kwenye simu: benki itadai taarifa za akaunti na za M-Pesa za miezi kadhaa, na mikopo ya Fuliza ya kila wiki itaonekana. Wewe wa biashara pale Kamakis usiye na hati ya mshahara, taarifa hizo ndizo mshahara wako. Mwombe mwenzi wako muombe pamoja, mishahara miwili ihesabiwe. Ukiwa kwenye mpango wa pensheni wa kazini, kanuni za 2020 zinaruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako, isiyozidi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Tenga pesa za ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini, pamoja na za wakili na za mthamini. Nafuu ya kodi ipo pia: riba ya mkopo wa nyumba unayoishi, hadi 30,000 kwa mwezi, huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Na ploti ya Ruiru yenye cheti cha hisa tu cha kampuni ya kununua ardhi, bila hatimiliki, benki haitaipokea kama dhamana hata ukiwa huna deni la mtu.

Ukimaliza deni, dai barua ya kuthibitisha, kisha subiri mkopeshaji apeleke taarifa mpya kabla hujaomba. Kanuni za CRB zinakupa ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kila CRB. Iombe wiki hii, ilinganishe na makato yaliyo kwenye hati yako ya mshahara, na usimlipe mtu yeyote akufutie jina.