Kirikuu yako inakuziba masikio? Ipunguze kelele kwa hela ndogo

Najua mnasubiri makala ya ufuta, itakuja wiki ijayo. Leo tuongee gari, maana siku hizi nikimpigia mtu simu asubuhi baada ya kutoka sokoni, ananijibu "eeh?" mara tatu ndipo tunaelewana.

Wengi wenu huku Mtunda mmeacha kumsubiri dalali aje shambani na bei yake mfukoni. Machungwa, nazi, maembe, mihogo, mnapakia wenyewe usiku na alfajiri mko Temeke Stereo. Hilo nalipongeza sana. Na gari mnayoanza nayo wengi ni Kirikuu, kwa sababu mafuta inakula kidogo na fundi wake yuko kila kijiji. Tatizo ni kwamba Suzuki Carry injini yake iko chini ya viti. Umeikalia. Ni silinda 3, cc 660 hivi, na kwa udogo wake lazima izunguke kwa kasi kubwa ndiyo ivute mzigo. Kati yako na ile injini kuna bati na sponji la kiti, basi.

Sio suala la starehe hili. Kwenye usalama kazini, kipimo ambacho taasisi ya Marekani iitwayo NIOSH inapendekeza ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila kelele ikipanda desibeli 3, muda huo unakatika nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2. Sasa piga hesabu ya safari ya Dar kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki, msimu mzima. Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi, hakuna dawa. Na kuna uchovu: kelele inachosha akili, halafu wewe ndiye unaendesha saa 9 usiku Kilwa Road katikati ya malori. Kwenye simu kuna programu za bure za kupima desibeli. Sio sahihi sana, ila zinatosha kukuonyesha tofauti ya kabla na baada. Mpe utingo ashike simu, mwendo uwe uleule, barabara ileile.

Kabla hujanunua chochote, tengeneza kinachopiga kelele. Hapa ndipo vijana wengi wanakurupuka: silensa imetoboka, wao wananunua zulia. Anza na eksozi, kisha raba zinazoshikilia injini, beringi za magurudumu na shokamzoba. Eksozi inayovuja kwenye gari ambayo injini iko chini ya kiti ina hatari nyingine kubwa kuliko kelele. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Ukiona unaumwa kichwa au unapata kizunguzungu ukiwa ndani ya gari na ukishuka unapata nafuu, usiendelee na safari, tafuta panapovuja. Ukiziba kabini vizuri huku eksozi inavuja, umejifungia na sumu.

Baada ya hapo, mianya. Kelele inapita pale hewa inapopita. Wataalamu wa sauti wanasema ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa zege. Kwa hiyo tundu dogo linaweza kufuta kazi yote ya pesa yako. Huku kwetu kuyatafuta matundu ni rahisi, vumbi limeshakufanyia kazi. Pita barabara ya vumbi madirisha yakiwa yamefungwa, kisha simama ufungue milango na uinue viti. Kila palipo na mstari wa vumbi, kelele inaingilia hapohapo. Kwenye milango tumia karatasi: ifungie mlangoni, ivute. Ikitoka kirahisi, raba ya mlango imelala. Raba za milango zilizotumika zinapatikana kwa wauza spea wa Gerezani, Kariakoo, kwa bei ya kuelewana, lakini chagua ambayo bado inabonyea na kurudi.

Mahali muhimu kuliko pote ni mfuniko wa injini chini ya kiti. Nilimsaidia kijana mmoja hapa kijijini, raba ya kuzunguka mfuniko wake ilikuwa imeshakauka na kukatika nusu nzima. Tuliweka mpya inayostahimili joto, tukakaza vifungio, na kwa siku hiyo hatukugusa kitu kingine. Kesho yake alimpigia mnunuzi simu akiwa na utingo anaendesha, wakasikilizana bila kupayuka. Kisha angalia matundu ya nyaya na kebo yanayoingia kwenye kabini. Vile viraba vyake huwa vimepotea.

Sasa mabati. Gonga mlango, paa na sakafu kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu ndipo panapotetemeka. Dawa yake ni bamba zito la kunata la mpira wa butili lenye karatasi ya aluminiamu juu, unene wa milimita 2 hivi. Wauzaji watakwambia ufunike gari zima. Hapana. Ukibandika katikati ya bati, robo mpaka theluthi ya eneo lake, umepata sehemu kubwa ya faida, kwa sababu katikati ndipo bati linapocheza zaidi. Kinachobaki kinaongeza gharama na uzito tu. Safisha kwanza kwa thina, acha pakauke, bandika, kandamiza kwa nguvu mpaka pasibaki hewa.

Kuna wanaotumia utepe wa lami wa kuzibia mapaa ya nyumba kwa kuwa ni rahisi. Mimi siushauri kwenye kabini. Joto la jua la huku linaulainisha, unaanza kunuka na kuteleza kwenye paa, halafu kuutoa ni kazi ya siku mbili.

Kwenye sakafu unahitaji uzito. Mkeka mzito wa mpira unafaa, hata kipande cha mkanda chakavu wa mashine ukikipata. Chini yake weka zulia la nyuzi lisiloshika maji. Sponji la godoro usiliweke: linanyonya maji na mafuta, linaozesha bati, na karibu na injini linashika moto. Hakuna kitu laini kinachopaswa kukaa upande wa injini au eksozi, na matundu ya hewa ya injini usiyazibe. Vilevile matundu madogo ya chini ya milango ni ya kutolea maji ya mvua. Ukiyaziba, masika moja tu mlango unaoza kutoka ndani.

Angalia uzito pia. Kirikuu imeundwa kubeba kilo 350. Najua mnazidisha, tutaligombania siku nyingine, lakini kila kilo ya mpira unayoweka kwenye gari ni kilo ya machungwa.

Na mmeshaona gari inapiga kelele zaidi ikirudi tupu? Ni bodi. Mageti yanagonga, makreti yanarukaruka, jeki inacheza nyuma ya kiti. Chukua tyubu chakavu ya tairi, ikate vipande, funga kwenye ndoano za mageti na kwenye kingo zinazogusana na bodi. Makreti yafunge kwa kamba za mpira. Jeki izungushie gunia. Hii haina gharama, na kwenye barabara ya kutoka lami mpaka hapa utaisikia tofauti siku hiyohiyo.

Kuvaa visikilizi vya muziki ili usisikie injini, hapana. Unahitaji kusikia honi ya lori. Wa pawatila ndio wavae vizibo vya masikio wakiwa shambani, maana pale hakuna kabini ya kuziba.

Kazi hii ifanye gari ikiwa haina safari kwa siku mbili, gundi ya raba ikauke milango ikiwa wazi. Ukimaliza, pita tena ile barabara ya vumbi, kisha inua kiti uangalie.