Uvimbe Ulio Katika Ala ya Mshipa

Katika miji ya njia ya kale ya misafara, tangu Tabora hata Ujiji, wako watu ambao wakiota kivimbe mkononi, wa kwanza kumwendea ni mkandaji, na wa pili ni mwenye wembe. Nasi twasema wazi: wembe huo huweza kuua mkono kwa maradhi yasiyoua.

Mshipa wa fahamu, uchukuao hisia na amri baina ya ubongo na viungo, umevikwa ala mfano wa upanga. Chembe za ala hiyo zaitwa kwa jina la Theodor Schwann, Mjerumani aliyezieleza katika karne ya 19. Mara chache chembe hizo huzidi, zikafanya uvimbe uitwao shwanoma. Aghlabu si saratani. Hukua polepole kwa miaka, na nyuzi za mshipa husukumwa kando tu, haziliwi. Ukiwa mkononi, huenda upande na upande, wala haufuati urefu wa mkono. Ukigongwa, ganzi hukimbia mpaka vidoleni.

Kwa kuwa nyuzi zi kando, mpasuaji ajuaye hufungua mahali padogo, akatazama kwa hadubini, akapasua ala kwa urefu wake, akautoa uvimbe kama kokwa, na mshipa ukabaki. Ukiwa kifuani, kamera nyembamba huingizwa baina ya mbavu. Asiyejua hukata vyote pamoja. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na pia ametufundisha kuwa ajifanyaye tabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara. Hata Zahrawi wa Andalus, katika karne ya 10, alishikilia kuwa mpasuaji ajue kwanza umbile la mwili.

Mtu wa Tabora na aanze Hospitali ya Kitete. Ikilazimu ataelekezwa Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Ni safari, lakini si ile ya wapagazi, ya miezi! Si kila uvimbe hupasuliwa: mdogo usioudhi huangaliwa tu. Bali ukikua upesi, ukiuma usiku, au kiungo kikilegea, asikawie. Na mtoto mwenye mabaka sita au zaidi ya rangi ya kahawa mwilini aonyeshwe daktari, hata kama haumwi.

Kabla ya kutia sahihi, mgonjwa aulize: ni nani atakayepasua, na je, mshipa utahifadhiwa?