Mvua ya Filamu Haitiwi Maziwa

Swali limekuja tena, safari hii kutoka Isongole, wilayani Rungwe, na limekuja na vipimo vyake kabisa. "Shikamoo mwalimu. Tunashuti sini ya mvua, tuna simtanki la lita elfu moja. Maziwa tutie lita ngapi ili mvua ionekane kwenye kamera?"

Marahaba. Sifuri.

Ningeishia hapo, ila najua imani hii haing'oki kwa neno moja. Kila anayeniuliza huwa hana shaka kwamba maziwa yanatiwa. Anachotafuta ni kipimo tu, kama mtu anayeulizia chumvi ya mboga. Ukimuuliza kasikia wapi, atakwambia kaona kipande cha video cha "siri za Hollywood". Na kwa Rungwe jambo hili lina hatari ya pekee, kwa sababu maziwa yapo. Kijana wa Dar es Salaam akisikia lita mia, atacheka na kutafuta njia nyingine. Wa Isongole atampigia simu shangazi mwenye ng'ombe.

Chimbuko la uvumi wote huu ni filamu ya Marekani ya mwaka 1952, Singin' in the Rain. Gene Kelly anacheza barabarani usiku, mwavuli mkononi, mvua inamiminika, na kila tone linaonekana. Ikazushwa kwamba maji yale yalichanganywa na maziwa. Hayakuchanganywa. Ule mtaa ulikuwa wa kujengwa, ndani ya eneo la studio ya MGM huko Culver City, California. Sini ya usiku ilishutiwa mchana, mtaa ukiwa umefunikwa kwa maturubai ili giza liingie. Mvua ilitoka kwenye mabomba yaliyofungwa juu, madimbwi yale ya kurukia yalichimbwa sakafuni, na Kelly mwenyewe alikuwa na homa kali. Kilichofanya matone yaonekane ni mpangilio wa taa: mpiga picha Harold Rosson aliziweka nyuma ya mvua, zikielekea upande wa kamera. Ilikuwa kazi ngumu, maana filamu ya Technicolor ya wakati ule ilihitaji mwanga mwingi kupindukia. Basi. Lakini "taa ziliwekwa nyuma" haisimuliki kijiweni, na maziwa yanasimulika.

Kama ni siri za nyuma ya pazia mnazotaka, zipo za kweli, tena za kwetu. The African Queen ya John Huston, iliyotoka mwaka 1951, inasimulia mto wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, yaani hapa Tanzania, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilishutiwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda. Sini ambazo Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanaonekana ndani ya maji zilishutiwa kwenye matangi ya studio ya Isleworth, London, kwa sababu maji ya mtoni yalihofiwa kuwa na maradhi. Ruba wanaomganda Bogart mwilini walikuwa wa mpira, maana aliwakataa wale hai. Ruba wa kweli anayeonekana kwa karibu aliwekwa kifuani mwa mfugaji wake. Hakuna anayeniandikia kuuliza apate wapi ruba wa mpira.

Turudi kwenye mvua. Mnasema, na ni kweli, kwamba mvua ya Isongole inakulowesha hadi mifupani lakini ukiitazama kwenye simu baadaye, hakuna kitu: watu wamelowa, hewa tupu. Sababu ni mbili, na hakuna hata moja inayotibika kwa maziwa.

Ya kwanza ni kasi. Tone la mvua la milimita mbili huanguka kama mita sita na nusu kwa sekunde. Ukishuti picha 25 kwa sekunde, na shata ikiwa kwenye sehemu moja ya hamsini ya sekunde kama ilivyo desturi, tone hilo linakuwa limesafiri sentimita 13 kabla fremu haijafungwa. Mwanga mchache uliokuwa kwenye tone moja umesambazwa juu ya mstari wa sentimita 13. Lazima ufifie.

Ya pili ndiyo kubwa. Tone la maji safi ni lenzi. Halina rangi yake. Linakusanya mwanga wa kilicho nyuma yake, mbingu yote na ardhi yote ya upande ule, na kuusukuma mbele. Sasa simama barabarani Isongole siku ya mawingu, elekeza kamera juu kidogo ya mabati ya nyumba. Nyuma ya tone kuna anga jeupe. Tone limejaa anga jeupe. Jeupe juu ya jeupe, kamera ifanye nini? Geuza kamera hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, uelekeze kwenye giza la msitu wa mlimani, au mlango wa duka uliofunguliwa bila taa ndani. Tone bado limejaa mwanga wa anga, lakini sasa nyuma yake ni peusi. Mvua imetokea. Hujatia kitu.

Ukiongeza taa au jua nyuma ya mvua, nje ya fremu, kila tone linaupinda mwanga ule kuelekea kwenye lenzi yako na mistari inawaka. Taa ikiwa mbele, upande wa kamera, sehemu kubwa ya mwanga inapita katikati ya tone na kwenda zake. Ndiyo maana wale wanaowasha taa ya simu juu ya kamera wanapata picha ya mtu aliyelowa bila mvua.

Sasa maziwa yenyewe, tuyamalize. Chukua glasi ya maji, tia nusu kijiko cha chai cha maziwa, koroga. Glasi inakuwa nyeupe-nyeupe, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Chovya kidole, acha tone lining'inie kwenye ncha ya kucha, ulitazame. Limefifia kidogo, lakini jeupe si jeupe. Kwenye glasi macho yako yalikuwa yanapenya sentimita kadhaa za mchanganyiko. Kwenye tone yanapenya milimita mbili au tatu. Weupe wa maziwa hutegemea unene wa unachokitazama, na mvua haina unene.

Ili tone dogo kiasi hicho liwe jeupe kweli, uchanganye labda moja kwa kumi. Kwa simtanki lenu ni lita mia. Kwa boza la lita 5,000 ni lita mia tano. Na mpira wa zimamoto hutoa mamia ya lita kwa dakika, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ni dakika ngapi za kuigiza umezinunua kabla dairekta hajasema "rudia". Anayeamini kwamba studio za Marekani zilikuwa zikimwaga maziwa namna hiyo kwa siku nzima hajawahi kukaa na mhasibu wa filamu.

Haya, tuseme mmechanga, lita mia zimepatikana. Tone jeupe likipigwa na taa ya mbele litarudisha mwanga zaidi kidogo kuliko maji matupu, hilo nakubali. Lakini taa ya mbele ndiyo iliyokuwa kosa tangu mwanzo. Ukiweka taa nyuma, panapofaa, maziwa yanaharibu: badala ya mwanga kupindwa na kuja kwako, unatawanyika kila upande, na ule mng'ao unapungua. Ukiweka anga jeupe nyuma, maziwa ni meupe pia. Yaani mmelipia dawa inayofanya kazi pale tu mnapokosea.

Madhara yake hayasemwi kwenye video za siri. Mafuta ya maziwa huacha kwenye lenzi utando ambao kitambaa kikavu kinausambaza tu. Matundu ya bomba la kunyunyizia mvua huanza kuziba. Nguo za waigizaji, hasa sweta, zinachacha jioni hiyo hiyo, na kesho yake mna sini ya mapenzi ya kuigiza ndani ya sweta hilo. Inzi watakuja. Sakafu itateleza. Sijataja macho ya mwigizaji anayetakiwa kutazama juu.

Kuna mtu atanijibu kwamba hata wakubwa wametia rangi. Ametia dairekta Mjapani Akira Kurosawa, kwenye Rashomon ya mwaka 1950, na alitia wino mweusi. Alikuwa na lango kubwa lililosimama dhidi ya anga jeupe, mvua ya mipira ya zimamoto ikawa haionekani, na hakuweza kuligeuza lango wala anga. Akayafanya matone yawe meusi juu ya jeupe. Mnaona mantiki? Alitazama kwanza nyuma ya mvua kuna nini, ndipo akachagua. Na filamu yenyewe ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Mkifanya hivyo leo kwa kamera ya rangi, mtapata mwigizaji aliyemwagiwa wino.

Mfanyeje, basi? Mahali mmebarikiwa. Isongole ina Mlima Rungwe upande wa mashariki na msitu wa Ngozi upande wa magharibi, ukuta wa kijani kinachokaribia weusi pande zote mbili. Asubuhi, jua likishapanda juu ya mlima, elekezeni kamera mashariki; alasiri, magharibi. Jua libaki nje ya fremu, lenzi mmeikinga kwa kipande cha kadibodi. Anga likatwe kabisa kwenye picha. Mvua yenu ya asili ikiwa manyunyu au ukungu msihangaike nayo, matone yake ni madogo mno; subirini inayopiga kweli, au mtengeneze. Kutengeneza: simikeni mirunda miwili mirefu, fungeni bomba lenye matundu katikati yake, au shikeni mpira wa maji na kuuelekeza juu, maji yapande, yavunjike, yaanguke yenyewe. Msimwelekezee mwigizaji, hiyo ni kuosha gari. Mvua inatakiwa iwe safu mbili, moja mbele yake na moja nyuma yake, na yeye aloweshwe kwa ndoo kabla ya kuanza. Ardhi ilowe kwanza na dimbwi liwepo, maana mtazamaji huamini mvua kwa michirizi na viduara vya majini kuliko kwa matone. Jani la mgomba linalotikiswa na maji ni mwigizaji wa bure. Shata ikipandishwa hadi moja ya mia au mia mbili mistari inakuwa mifupi na mikali. Ikiwa mnataka mirefu na laini, ibaki hamsini. Simu ifungwe isijibadilishie mwanga yenyewe.

Sauti rekodini siku nyingine. Mvua ya kweli juu ya mabati humeza maneno yote, na ya mpira husikika kama mpira. Maneno myarudie ndani, mvua muirekodi peke yake, mchanganye mezani.

Kibali cha Bodi ya Filamu kitafutwe kabla ya kushuti. Mkitaka kuingia msituni kabisa, Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu, kwa hiyo ruhusa yao nayo inahitajika. Kando ya barabara mtaupata mlima huo huo kwenye picha bila kuingia.

La mwisho ni taa za usiku. Jenereta ikae juu, pakavu, mbali na mpira wa maji. Viungio vya waya vining'inizwe, visilale chini, na kuwe na kifaa cha kukata umeme chenyewe panapotokea hitilafu. Kama hamna, shutini mchana.