Udongo Hulishwa, Hauchimbwi: Bustani za Viroba Nanganga (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia vyombo: kiroba cha kilo 50, ndoo ya lita 20, dumu lililokatwa kichwa, beseni lililotoboka. Leo tunaingia kwenye kinachojazwa ndani yake, yaani udongo wenyewe: jinsi ya kuuandaa mara moja, kisha kuutunza msimu hadi msimu bila kuutia jembe tena.

Nanganga, pale njia ya kwenda Ruangwa hadi Nachingwea inapoachana na barabara kuu ya Lindi na Masasi, mvua huja kwa msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, baada ya hapo ni kiangazi. Shamba la korosho, ufuta au mbaazi mara nyingi liko mbali na nyumba, na miezi ya ukame halina mboga. Ndiyo maana uani kuna thamani. Viroba vichache karibu na pipa la maji vinaweza kutoa mchicha, chainizi, bamia na majani ya kunde wakati shamba limelala. Sharti lake ni kwamba udongo uliomo uwe hai.

Udongo hai ni udongo wenye wafanyakazi. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye afya kinaweza kuwa na bakteria hadi bilioni moja, pamoja na nyuzi za kuvu zisizoonekana kwa macho, wadudu wadogo na nyungunyungu. Hao ndio wanaovunja majani makavu na samadi hadi naitrojeni, fosforasi na potasiamu ziwe katika hali ambayo mizizi inaweza kuzinyonya. Baadhi ya kuvu hujishikiza kwenye mizizi na kuuletea mmea maji na fosforasi kutoka mahali ambapo mizizi yenyewe haifiki; mmea nao huwalipa kwa sukari. Ukigeuza udongo kwa koleo, unakata nyuzi hizo, unabomoa vijia vya hewa na maji, na unaianika mboji juani ikaungua haraka. Shambani hasara hiyo hufidiwa kidogo na ukubwa wa ardhi. Ndani ya kiroba hakuna cha kuifidia, kwa kuwa hakiingii kitu ambacho hukukitia wewe.

Somo la karanga

Wilaya ya Nachingwea ina historia ya pekee katika suala la kuujua udongo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield kutafuta ardhi ya kulima karanga, kwa kuwa mafuta ya kula yalikuwa haba baada ya vita. Walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yakaletwa, vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa vichaka, na reli ikajengwa kuja Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa.

Husemwa mara nyingi kwamba udongo ndio ulioukwamisha mpango wote. Kwa Kongwa kuna ukweli mwingi: udongo wake wa mfinyanzi ulikauka baada ya mvua ukawa mgumu kama sakafu ya saruji, karanga zikanaswa chini na majembe ya matrekta yakalika. Nachingwea udongo haukuwa mbaya kiasi hicho. Huku tatizo kubwa lilikuwa gharama ya kufyeka msitu, vipuri, na bandari na reli ambazo hazikuwa tayari kwa wakati. Lakini kosa la msingi lilikuwa lile lile kote: ekari zilihesabiwa kabla udongo haujachunguzwa. Mwenye viroba vitano asilirudie. Aanze kwa kuujua udongo alionao.

Kuandaa mchanganyiko

Udongo mwingi wa huku ni wa kichanga, mwekundu au wa kijivu, hupitisha maji upesi na hauna mboji nyingi. Chota udongo wa juu, sentimita 15 za kwanza, chini ya mti wenye kivuli na majani yaliyooza. Mwembe unafaa sana. Mkorosho unataka tahadhari. Mikorosho mingi hupulizwa salfa ya unga kila kiangazi kuzuia ubwiriunga, na salfa inayoanguka chini huongeza tindikali kwenye udongo mwaka hadi mwaka. Kama huna njia nyingine, changanya konzi mbili za majivu ya kuni kwa kila ndoo ya udongo huo. Usizidishe, kwani majivu mengi nayo huharibu.

Kama udongo ni mchanga mtupu, ongeza udongo wa kichuguu uliopondwa. Mchwa huupandisha mfinyanzi kutoka chini, na mfinyanzi ndio unaoshika maji na virutubisho. Ndoo moja ya kichuguu kwa ndoo nne za udongo inatosha.

Kisha mboji. Tengeneza lundo lenye urefu, upana na kimo cha mita moja. Likiwa dogo zaidi halipati joto. Panga tabaka: vitu vikavu (mabua ya ufuta yaliyokatwakatwa, maganda ya karanga, majani makavu) sehemu tatu, na vitu vibichi (majani mabichi, maganda ya mboga, samadi ya mbuzi au kuku) sehemu moja. Nyunyizia kila tabaka maji, funika kwa nyasi, na chomeka kijiti kirefu hadi katikati.

Kijiti hicho ndicho kipimo chako. Baada ya siku nne kichomoe na ukishike. Kikiwa na moto na unyevu, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Kikinuka uvundo, maji yamezidi na hewa haipiti: geuza lundo na ongeza vikavu. Geuza kila baada ya wiki mbili. Hapa kugeuza kunaruhusiwa, kwa sababu mboji bado inapikwa. Baada ya miezi miwili hadi mitatu, itakuwa nyeusi, yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na huwezi tena kutambua lipi lilikuwa bua na lipi jani.

Changanya ndoo mbili za udongo, mbili za mboji, na moja ya kitu cha kulegeza: pumba za mpunga au chenga za mkaa. Chenga ziloweke kwanza siku kadhaa kwenye maji ya samadi, la sivyo zitanyonya chakula cha mimea yako. Toboa matundu chini ya chombo, jaza, mwagilia hadi maji yatoke, weka matandazo ya nyasi unene wa vidole vitatu, kisha ngoja wiki nne ukidumisha unyevu. Huo ni muda wa viumbe kuenea na joto la mwisho la mboji kuisha. Anayepanda siku hiyo hiyo ndiye anayeona miche ikigeuka njano.

Kutunza bila kuchimba

Kanuni ya kwanza: usivune kwa kung'oa. Mmea ukimaliza kazi, ukate kwa kisu usawa wa udongo na uiache mizizi ioze humo humo. Ikioza, huacha vijia vya hewa na maji ambavyo koleo haliwezi kuvitengeneza. Ipo tofauti moja. Mmea uliokufa kwa mnyauko bakteria, au wenye mizizi iliyovimba mafundo kwa sababu ya minyoo fundo, ung'oe wote uuchome, na usirudishe nyanya, bilinganya wala pilipili katika chombo hicho.

Ya pili: lisha kutoka juu. Baada ya kila mavuno, sogeza matandazo, tandaza mboji unene wa vidole viwili, ongeza konzi ya mashudu ya ufuta ukiyapata, kisha rudisha matandazo. Udongo wa chombo hushuka kila msimu kwa kuwa mboji inaliwa. Nafasi hiyo inayobaki juu ndiyo ya kulishia.

Ya tatu: badilisha mazao. Baada ya mchicha au chainizi, panda kunde au choroko. Bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake hukamata naitrojeni kutoka hewani, na ukikata shina sehemu ya naitrojeni hiyo hubaki katika chombo kwa zao linalofuata.

Ya nne ni maji. Udongo wa kiroba ukikauka kabisa hujikunja na kuachana na ukuta, na maji unayomwaga hupita pembeni yakatokea chini huku katikati kukibaki vumbi. Ukiona hivyo, mwagilia kidogo, ngoja robo saa, kisha rudia. Kwa kawaida tumbukiza kidole hadi pingili ya pili: pakiwa na unyevu, acha. Septemba na Oktoba, jua likiwa kali, visogeze vyombo vibanane upande wenye kivuli cha mchana. Utando mweupe juu ya udongo ni chumvi. Mwagilia kwa wingi mara moja hadi maji yatiririke chini.

Mwisho ni mchwa. Hupenda matandazo makavu na magunia ya jute yaliyobebewa korosho. Weka vyombo juu ya matofali, na matandazo yasikauke.

Usiuhukumu udongo wako kwa msimu wa kwanza. Mara nyingi huo ndio dhaifu kuliko yote, maana viumbe bado wanajenga makazi. Linganisha msimu wa pili na wa tatu, na uandike tarehe ya kupanda na ya kuvuna kwenye kila chombo.

Sehemu ya tatu itahusu wadudu wanaokuja na mboga za kiangazi, na namna ya kuwadhibiti bila kuua wafanyakazi wa udongo.